Hodi kwenye Chaja ya Basi

Ipo nchi moja ambayo wachora ramani huipitia kando, kwa heshima tu. Wenyewe huiita Nchi Karimu, na ukarimu wao si wa mdomoni. Huko mgeni akibisha hodi, hata kama nyumba inaungua, mwenye nyumba ataitikia kwanza karibu, ndipo arudi kuzima moto. Na mgeni akishaingia haulizwi ataondoka lini. Yupo mzee mmoja aliwahi kuuliza, na mpaka leo wajukuu zake wanataniwa misibani.

Nchi hiyo ilijaliwa mabasi ya umeme. Yalipokelewa kwa ngoma na hotuba, yakachinjiwa ng'ombe, na kwa ajili yake pakajengwa vituo vya kuchajia vyenye ukuta, paa, geti na mlinzi. Kikubwa kuliko vyote kilikuwa Kituo cha Machungwani, na msimamizi wake alikuwa Bwana Mbaruku Senzota, mtu wa makamo, mpole, ambaye kola ya shati lake ilipigwa pasi mpaka ikaweza kusimama hata yeye akiwa hayumo. Mbaruku aliipenda kazi yake. Asubuhi, mabasi yakitoka yameshiba umeme, alikuwa akisimama getini akiyapungia mkono kama baba anayeaga watoto wa shule.

Wazo lililomharibia mambo, tusilionee, lilikuwa jema. Wataalamu wa Wizara ya Mwendo na Maendeleo waliona kwamba mchana, mabasi yakiwa barabarani, chaja zinakaa bure, huku wenye magari binafsi ya umeme wakizunguka mji mzima kutafuta pa kuchajia. Wakapendekeza: wenye magari wachaji mabasi yakiwa hayapo, na mabasi yakirudi waondoke. Mtoto wa chekechea angeelewa. Kwa bahati mbaya jambo hilo likapelekwa Bungeni.

Huko alisimama mbunge mmoja mnene wa huruma, machozi yakimlengalenga.

"Mheshimiwa Spika," akasema, "kifungu hiki kinataka mgeni aambiwe saa ya kuondoka! Tumefika huko? Leo tunamwambia mwenye gari atoke kwenye chaja, kesho si tutamwambia baba mkubwa anyanyuke mezani? Mimi sikulelewa hivyo. Nani humu alilelewa hivyo?"

Hakuna aliyelelewa hivyo. Meza zikapigwa, na hata waliokuwa wamesinzia wakaamka kuunga mkono. Kifungu cha saa ya kuondoka kikafutwa, pakawekwa kingine kizuri zaidi: mwenye gari atabisha hodi, na msimamizi wa kituo ataitikia karibu. Hodi ya tatu ikipita bila jibu, msimamizi atakuwa ameiaibisha nchi, naye atafukuzwa kazi siku hiyohiyo. Hiyo ndiyo ikaitwa Sera ya Karibu, na siku iliposainiwa watu walikumbatiana njiani.

*

Mgeni wa kwanza kufika Machungwani alikuwa mwalimu mkuu mstaafu. Alibisha hodi, akachaji, akamwachia mlinzi ndizi mbivu, akaenda zake. Mbaruku akajiambia, kumbe jambo lenyewe ndilo hili?

Wa pili akatazama huku na huku. Akaona kivuli, ukuta, mlinzi, na soko ng'ambo ya barabara. Akachomeka waya, akaenda sokoni. Kutoka sokoni akapitiliza harusini, na kutoka harusini akasafiri. Gari lilijaa umeme mpaka likakinai, nalo bado limeuma waya kama mtoto aliyelala na titi mdomoni. Habari zikaenea. Wageni wakamiminika. Mmoja alileta gari la mafuta, ambalo halina hata tundu la kuchomekea, akabisha hodi, akaambiwa karibu kama wenzake. Ilibidi waya ulazwe tu juu ya boneti, ili naye asijione mnyonge.

Mabasi yalipoanza kurudi jioni yakakuta nyumba imejaa. Dereva wa kwanza kupata hasira alikuwa Chaurembo, aliyeendesha basi la njia ya hospitali. Mikono yake ilikuwa mirefu, na ulimi wake mrefu kuliko mikono.

"Mkuu," alimwambia Mbaruku, "na mimi nabisha hodi. Hodi!"

"Wewe si mgeni, Chaurembo. Wewe ni mtoto wa nyumbani. Mtoto wa nyumbani husubiri wageni wale kwanza."

"Sawa. Ila huyu mgeni ameshiba tangu juzi, sasa anacheua, na mtoto wa nyumbani anakufa njaa."

Mbaruku akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayeomba mwenzake anyamaze. Siku ya pili yake Chaurembo hakuongea. Alishuka tu, akachomoa waya wa gari la mgeni, akachomeka basi lake.

Wizara ilishtuka kama iliyosikia habari za mapinduzi. Kumchomolea mgeni waya, ilitangaza, ni sawa na kumpokonya sahani. Ikaleta minyororo na makufuli, na amri kwamba kila mgeni akishachomeka, afungwe kwa usalama wake, na funguo akae nazo msimamizi peke yake. Fungu la funguo likaning'inia kiunoni mwa Mbaruku na kulia kila alikokwenda, kama njuga. Kwanza aliliona fahari. Baadaye akazoea, akawa halisikii tena.

Mabasi sasa yalitoka na umeme wa kulamba. Dereva alizima kwanza feni, halafu redio, halafu akaanza kuomba watu wanene washuke kwenye mlima. Mwisho abiria wote walishuka, wakasukuma. Redio ya taifa iliwapongeza sana. Iliita jambo hilo Ushiriki wa Wananchi katika Usafiri, na kusema kwamba mataifa makubwa bado hayajafikia hatua hiyo.

*

Sasa tuingie nyumbani kwa Mbaruku, maana huko ndiko aibu ilikokuwa ikilala.

Aliishi na mkewe, Riziki, na katika chumba cha uani aliishi mama yake Riziki, Bi Somoe. Bi Somoe alikuwa mgonjwa wa figo. Siku za kliniki ilimpasa kwenda hospitali ya wilaya asubuhi kusafishwa damu kwa mashine, na mashine zenyewe zilikuwa chache. Ukichelewa zamu yako anapewa mwingine, nawe unarudi nyumbani na sumu yako mwilini. Aliyekuwa akimpeleka ni Chaurembo. Basi lake lilikuwa na ngazi fupi isiyomtesa magoti, na kiti cha mbele hakuna aliyethubutu kukikalia siku za kliniki.

Katika nchi ile, mwanamume na mama mkwe wake ni watu wa kustahiana. Hawali sahani moja, hawaketi mkeka mmoja, hawatazamani usoni, na njiani hawatembei bega kwa bega. Kwa hiyo Mbaruku na Bi Somoe walisalimiana kupitia pazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeamkaje?"

"Salama, mama."

Mazungumzo yao ya mwaka mzima yalikuwa hayo. Lakini kwa majirani Bi Somoe hakuwa na pazia. "Mkwe wangu ndiye mkubwa wa mabasi yote yale," alikuwa akisema, akichambua mchele. "Basi halitoki mpaka yeye aseme." Mbaruku alimsikia akiwa bafuni, maji yakamkauka mwilini. Ilikuwa kweli tupu. Mabasi yalikuwa hayatoki, na aliyekuwa akisema ni yeye.

Basi la hospitali likaanza kuchelewa, halafu likawa halionekani kabisa. Bi Somoe alikuwa akienda kusimama barabarani, akingoja mpaka zamu yake ipite, kisha akirudi polepole akishika kuta za watu. Hakuuliza kitu. Aliyeuliza ni Riziki, ambaye hakuzoea kumeza maneno.

"Hivi basi la mama lina nini?"

"Foleni tu."

"Foleni ya nini, na kituo ni chako?"

Mbaruku akainama kutafuta soksi ambayo alikuwa ameshaivaa.

Asubuhi moja alitoka akakuta ndara zake hazipo mlangoni. Zilikuwa ndara kubwa za mpira, za kuogea. Akatupa macho uani, akaziona zikienda taratibu kuelekea barabarani, zimevaliwa na Bi Somoe. Miguu ya mama yule ilikuwa imevimba maji, vifundo havionekani, na viatu vyake mwenyewe vilikuwa havimwingii tena. Mama mkwe kuvaa ndara za mkwe wake ni jambo ambalo katika nchi ile mtu hulifanya pale tu njia zote zilipokwisha. Mbaruku alirudi ndani upesi, asije akaonekana kuwa ameona. Akakaa kitandani. Alisikia aibu mpaka masikio yakamwasha.

*

Akaamua kwenda Wizarani kusema. Njia nzima alijizoeza: "Mkuu, wageni wamezidi, na wagonjwa hawafiki hospitali." Neno hilo alilisema kwenye ngazi, akalisema kwenye kona, likawa limekaa vizuri mdomoni.

Alipokelewa na Katibu wa Ukarimu, Bwana Telela, ambaye alikuwa na meza ndefu na tabasamu refu zaidi. Kabla Mbaruku hajafungua kinywa, sinia liliingia. Palikuwa na chai ya maziwa, maandazi ya iliki, mayai na kuku mzima wa kukaanga.

"Kula kwanza, ndugu yangu. Maneno hayaozi."

Mbaruku akala. Na kadiri alivyokula ndivyo sentensi yake ilivyozidi kushuka tumboni pamoja na kuku, maana sasa alikuwa mgeni, na mgeni mwenye adabu hamlalamikii mwenyeji akiwa na paja la kuku wake mkononi.

Bwana Telela akasema, "Tunakufuatilia. Vituo vingine wasimamizi wananuna. Wewe husikiki ukinuna! Katika Wiki ya Ukarimu, Mheshimiwa Waziri mwenyewe atakuja kuchaji gari lake Machungwani, ili nchi yote ione. Haya, ulikuwa na lolote?"

Mbaruku akauweka mfupa kwenye sinia.

"Chai ilikuwa tamu, mkuu," akasema.

Nje alisimama chini ya bendera, akajifuta mafuta ya kuku mdomoni, akajiona mtu duni kuliko wote aliowahi kukutana nao.

Mtu mwenye aibu asiyekuwa na ujasiri hutafuta ujanja. Mbaruku alichukua turubai, akafunika chaja ya mwisho kabisa kule ukutani ambako paa halifiki, akaandika juu yake MBOVU. Ilikuwa nzima. Siku za kliniki alikuwa akilifunua turubai kidogo, kwa siri, basi la Chaurembo likajibanza kando yake na kunyonya umeme kama ndama wa kuiba, kisha likaenda hospitali. Bi Somoe akaanza tena kuwahi zamu, si zote, lakini baadhi. Uvimbe ukapungua kiasi. Mbaruku alianza kujisifu moyoni kidogo, na hapo ndipo Wiki ya Ukarimu ilipofika.

*

Waziri wa Mwendo na Maendeleo aliitwa Mheshimiwa Profesa Mhandisi Alhaji Mchungaji Pazi Ndimbo. Vyeo vyote alivikusanya mwenyewe, asije akaonekana anabagua. Siku yake ilipangwa, na kwa kuwa wakubwa wa nchi ile hawaangalii siku za watu wadogo, iliangukia siku ya kliniki.

Asubuhi hiyo wageni wote walikuwa wameshafungwa kwenye chaja zao, wengine tangu miezi iliyopita. Basi la Chaurembo lilikuwa pembeni ya turubai, ndiyo kwanza linaanza kunyonya. Abiria walikuwa wameshapanda, wengi wao wagonjwa, na kiti cha mbele aliketi Bi Somoe na kanga yake mpya na ndara za mkwe wake. Msafara wa Waziri ukaingia mapema kuliko ilivyotangazwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika historia ya taifa.

Gari la Waziri lilikuwa refu, jeusi, na kioo chake kilionyesha betri imejaa pomoni. Lilizunguka uwanja likitafuta nafasi. Likapita mbele ya gari la mafuta, dereva wa Waziri akatoa mkono dirishani, akaligongea boneti kwa heshima. Likafika kwenye turubai. Msaidizi mmoja akalinyanyua pembe, akaona taa ya kijani ya chaja ikiwaka, na waya ukiwa umeingia kwenye ubavu wa basi.

"Hii imepona!" akapiga kelele kwa furaha. Watu wakapiga makofi kwa ajili ya chaja iliyopona.

Waziri akashuka. Kamera zikasogea. Akasimama mbele ya Mbaruku, akanyoosha koti, akasema kwa sauti ya kufika kijijini kwao:

"Hodi!"

Mbaruku alifungua kinywa. Kwa dirisha la basi aliona pindo la kanga, na chini ya kiti, kupitia mlango uliokuwa wazi, aliona ndara zake. Neno halikutoka.

Waziri akatabasamu kwa kamera. "Msimamizi wetu amezidiwa na furaha. Hodi!"

Chaurembo alikuwa ametoa kichwa nje ya dirisha lake, anamtazama Mbaruku bila kupepesa, kama mtu anayetazama mpira wa penalti. Mlinzi wa geti aliacha kutafuna. Mbaruku alijua kabisa la kusema. Lilikuwa fupi: nafasi hakuna, Mheshimiwa, kuna wagonjwa. Lilikuwa limekaa nyuma ya meno. Lakini kila alipotaka kulisukuma alisikia harufu ya iliki na kuku wa kukaanga, akaona kola yake iliyopigwa pasi ikitupwa nje ya geti, na ulimi ukamlalia. Wala hakuweza kusema karibu.

"Hodi!" Waziri akabisha mara ya tatu, na safari hii hakutabasamu.

"Karibu, mwanangu."

Sauti ilitoka ndani ya basi. Ilikuwa ya mwanamke, nyembamba, iliyochoka. Bi Somoe alikuwa ameshasimama. Alijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba hodi ya tatu ikianguka chini mkwe wake hana kazi, na mwanawe atachekwa kisimani. Akashika chuma cha mlangoni, akashusha mguu mmoja, akapumzika, akashusha wa pili. Hakumtazama Mbaruku. Mama mkwe hamtazami mkwe wake usoni.

"Karibu," alirudia. "Sisi ni watu wa nyumbani. Tutatembea."

Basi lote likashuka nyuma yake, mmoja mmoja, wakishikana mikono.

Waziri aliguswa sana. "Mmeona?" akauliza kamera. "Mmeona, ndugu wananchi? Huyu mama hakulazimishwa na mtu! Hana cheo, hana gari, lakini ana moyo! Amesimama mwenyewe, kwa miguu yake mwenyewe!"

Watu wakaitazama ile miguu. Kisha wakatazama pengine.

Chaurembo alichomoa waya wa basi lake kwa mkono wake, akamkabidhi Mbaruku. "Haya, mkuu," akasema polepole. "Pakua." Akarudi ndani ya basi, akalaza kipaji cha uso kwenye usukani.

Mbaruku alichomeka gari lililokuwa limejaa, akapitisha mnyororo, akafunga kufuli. Kamera zikachukua picha ya mikono yake. Hotuba ikaanza, nayo ilikuwa hotuba ya Profesa Mhandisi Alhaji Mchungaji, kila cheo kikidai zamu yake ya kuongea. Mbaruku akageuza kichwa, akaona kanga ikitokomea getini. Miguu yake ikamtoa pale bila kumwuliza.

*

Bi Somoe alitembea mbele, Mbaruku nyuma; wagonjwa wengine walikuwa wameshawaacha. Hakuweza kumpita wala kuwa naye sambamba. Hakuweza kumshika mkono. Alipofika penye ukuta, mama yule aliegemea kupumua, na Mbaruku naye akasimama kule nyuma, anatazama mtaro kana kwamba ametumwa kuukagua. Mama alipoendelea, naye aliendelea. Ndara zilikuwa zikiburuta, fyata, fyata, na kila mburuzo aliusikia kifuani. Alitamani mama ageuke amtukane. Riziki angemtukana vizuri sana. Bi Somoe hakugeuka hata mara moja, na njia ya hospitali haikuwahi kuwa ndefu vile.

Nesi aliwapokea kwa kutikisa kichwa.

"Bi Somoe, leo tena umechelewa? Mashine nimempa mwingine. Kaeni kwenye benchi, akimaliza huyo nitaangalia."

Wakakaa, mmoja huku na mwingine kule, katikati pameachwa nafasi ya mtu wa tatu ambaye ni heshima. Simu ya Mbaruku ikaanza kuita. Ikaita ikakata, ikaita tena.

"Simu yako hiyo, baba," Bi Somoe alisema, akitazama ukuta wa mbele.

"Naisikia, mama."

"Watakuwa wanataka funguo. Zimo kiunoni mwako. Nimezisikia njia nzima."

Mbaruku akajishika ubavuni. Kweli, zilikuwepo. Gari la Waziri lilikuwa limefungwa kwa mnyororo ukutani Machungwani, waziri hapandi gari la mdogo wake, hotuba imekwisha, na mwenye ufunguo yuko hospitali. Angefurahi sana kusema alifanya kusudi. Hakufanya kusudi. Alisahau tu, na hata hilo lilimtia haya.

"Kumbe mgeni wenu hawezi kuondoka," alisema Bi Somoe.

"Hawezi, mama."

"Na hao wengine, nao walikuja lini?"

Lilikuwa swali la kwanza alilowahi kumwuliza, ukiacha lile la kuamkaje. Mbaruku akakuna goti. "Wengine tangu kiangazi, mama."

Bi Somoe akawa kama anayehesabu kitu kwa vidole ndani ya kanga. Kisha akasema kwa upole, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza chumvi iko wapi:

"Na jembe hamjawapa?"

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: hata watoto wa nchi ile walilijua neno hilo, lilichapwa kwenye kanga, liliimbwa shuleni. Wabunge walilijua, Bwana Telela alilijua. Mbaruku mwenyewe alikuwa amelisema mara ngapi, kwa kicheko, juu ya mashemeji wa watu wengine. Aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kola, na ile kola, kwa mara ya kwanza, ikalala.

Baadaye nesi akaita. Bi Somoe akainuka, akavua ndara mlangoni kama inavyotakiwa, akaingia miguu mitupu kwenye chumba cha mashine. Ndara zikabaki pale sakafuni, zimetanuka. Simu ikaita tena, na safari hii Mbaruku akaipokea.

"Mbaruku!" Ilikuwa sauti ya Waziri mwenyewe, imepoteza vyeo vyote. "Jua linanichoma, ndugu yangu! Wananchi wamenizunguka wananitazama! Hodi! Hodi, Mbaruku, hodi!"

Mbaruku alitazama mlango wa chumba cha mashine.

"Subiri, Mheshimiwa," akasema. "Yupo mtu mbele yako."

Akakata simu. Hatimaye alikuwa amelisema lile neno. Lakini alilisema kwa sauti ndogo, kwenye kipande cha simu, mbali, pasipo mtu wa kumwona, na baada ya mama mgonjwa kutembea. Aibu haikupungua hata punje.

*

Jioni redio ya taifa ilitangaza kwamba Mheshimiwa Waziri alikirimiwa Machungwani hata akashindwa kuondoka. Alishinda pale kutwa nzima, ilisema redio, akisimama juani bega kwa bega na abiria, akionja maisha yao. Mbaruku akaitwa ikulu, akavishwa Nishani ya Ukarimu, daraja la kwanza.

Sheria nayo ikarekebishwa upesi, maana Waziri alikuwa ameyaona matatizo kwa macho yake. Tangu siku hiyo kila mgeni hutembea na ufunguo wake mwenyewe, asije akasumbuka kumngoja msimamizi. Lile turubai likachukuliwa, likawekwa makumbusho, na chaja yake akapewa mgeni. Na kwa kuwa karibu ya Machungwani imekuwa mfano kwa taifa, mafundi walikuja wakairekodi sauti ya Mbaruku, wakaiweka kwenye spika getini, nayo huitikia yenyewe kila hodi, mchana na usiku, haichoki wala haishikwi na kigugumizi. Yeye mwenyewe akapandishwa cheo akawa Mshauri, akabaki hana kazi.

Kwa hiyo nafasi ya kumsindikiza mama anayo. Siku za kliniki, watu wa mtaa ule huwaona wakitoka asubuhi na mapema, mama mbele na mkwe nyuma, kila mmoja anashika upande wake wa adabu. Njia ya hospitali hupita ubavuni mwa ukuta wa kituo. Wakifika hapo, kutoka upande wa pili husikika magari yakibisha, na sauti yake Mbaruku, nzuri, ya kukata na shoka, ikijibu: "Karibu. Karibu. Karibu."

Bi Somoe hageuki. Mbaruku huinamisha macho, akatazama ndara zake zinavyokwenda mbele yake.